Mashahidi Wawili, Jina Moja

Walisema sitafika Tanga. Nilipofika, wakasema sitajifunza. Nilipojifunza, wakasema sitarudi, na nikirudi nitarudi na upele na kofia ya kuazima. Mwinyi Kombo wa Baleni, ambaye baba yangu alimkwelea minazi maisha yake yote, alisema haya siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nami nimesimama palepale: "Mikono ya watoto wa mkwezi imeumbwa kukumbatia mnazi. Mpeni huyu kalamu, ataipanda." Watu wakacheka. Baba yangu naye alicheka, kwa sababu Mwinyi Kombo alikuwa bado hajamlipa ujira wa mwezi ule.

Basi naandika haya kwa kalamu, na sijaipanda. Shahada yangu ya shule ya serikali ya Kijerumani imo ndani ya kioo ukutani, ina muhuri wa tai, na jina langu limeandikwa kwa wino ambao haujafifia: Hemedi bin Athumani. Siku niliporudi Mafia tulikuwa watu wawili tu kisiwani wenye karatasi kama ile, na mwenzangu alama zake zilikuwa chini ya zangu. Nasema lililo kweli, wala sijisifu. Tena hata nikijisifu, nani mwingine atanisifu?

Ninyi vijana mnaokalia kiti changu huko Kilindoni mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Sitawaambia nilipandishwa lini wala nililipwa nini, maana hayo mtayajua wenyewe na yatawaudhi kama yalivyoniudhi. Nitawaambia kazi ilivyokuwa. Na nitawaambia jambo moja nililolifanya vibaya, ambalo nimelibeba tangu wakati ule hata leo.

Nianze na safari. Kwenda Tanga kulitaka nauli, kanzu mbili, na chakula cha siku za mwanzo kabla shule haijaanza kunilisha. Baba hakuwa na kitu. Watu watatu walinikopesha. Wa kwanza alikuwa maalimu wangu wa chuo cha Kurani. Wa pili ni Mzee Bakari, mfuga ng'ombe wa Kiegeani, aliyeuza ndama. Wa tatu alikuwa mwanamke mmoja mtumwa wa Bwana Salim, mwenye mashamba pale Baleni. Jina lake lilikuwa Zafarani. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku zake mwenyewe, na siku hizo alisuka mikeka ya ukindu akaiuza, na fedha alizitia katika chungu alichokifukia chini ya kitanda. Alikuwa anajikomboa. Aliufukua mchanga mbele ya macho yangu akatoa rupia tatu.

Baba akamwambia, "Zafarani, hizi si ndizo za uhuru wako?"

"Uhuru wangu umengoja miaka kumi na mbili, Athumani," akasema. "Utangoja na wa kumi na tatu. Shule haingoji."

Hakuna aliyeandika kitu. Hakuna aliyeniuliza mimi nani, mwana wa nani, nimepakana na nani. Walinijua.

Huko Tanga nilisoma. Nilijifunza kuandika kwa herufi za Kizungu, nilijifunza hesabu, nilijifunza kusimama wima mbele ya Mdachi bila kukunja shingo. Nilijifunza na jambo lingine ambalo halikufundishwa darasani. Wanafunzi wenzangu waliponiuliza baba yangu ana kazi gani, nilijibu kwamba ana shamba la minazi. Hilo halikuwa mbali sana na kweli. Alikuwa juu ya minazi kila siku.

Niliporudi niliajiriwa boma la Chole, katika chumba cha nyuma kilichoelekea miti wanamolala popo. Harufu yao iliingia na upepo, na mpaka leo nikinusa wino mpya nakumbuka popo. Chumbani humo mlikuwa na meza mbili. Moja yangu. Ya pili ya Mzee Seif bin Khalfan, mtu wa ukoo wa Kimanga aliyeandika hati za kisiwa kwa herufi za Kiarabu na kalamu ya mwanzi tangu kabla Mdachi hajaja. Alikuwa akitafuna tambuu kutwa, na karibu kila hati yake ilikuwa na doa jekundu pembeni. Watu walisema doa lile ndilo muhuri wake.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye karatasi ya tai?"

"Ndiye mimi."

"Tai anakula nini?"

 Nikasema anakula kuku.

"Basi mfunike huyo tai, asitule," akasema, akaendelea na kazi yake.

Kazi yetu ilikuwa hii. Mtu akitaka kukopa kwa kuweka rehani minazi yake, mfanyabiashara hamkopeshi mpaka apate karatasi kutoka kwetu. Karatasi ile husema mambo mawili: kwamba minazi ni yake, na kwamba yeye ni yeye. Jambo la kwanza jepesi, kwa kuwa minazi haitembei. La pili ndilo lililonizeesha.

Mzee Seif alikuwa na njia yake. Hakuwa akimwuliza mtu jina mpaka mwisho. Aliuliza: minazi yako inapakana na nani upande wa kibla? Nani alikufa mwaka ule mlipopanda? Nani anakukwelea? Mwongo huwa amejitayarishia jina, alisema, lakini hajajitayarishia jirani. Mimi niliona njia hii ni ya kupoteza mchana. Aliweza kukaa na mtu mmoja tangu chai mpaka adhuhuri, wakacheka, wakalia, wakasomeana na fatiha ya marehemu, kisha ndipo akaandika mistari minne na doa la tambuu.

Mimi nilileta utaratibu. Nilikuwa na kalamu ya chuma, kidau cha wino wa buluu, rula, na daftari lenye safu. Mkumbuke kwamba wino wa buluu huganda wakati wa kusi. Tieni tone la maji, si mate, hata kama mwenzenu anatia mate.

Shida ya kwanza niliyokutana nayo ilikuwa sahihi. Agizo lilikuwa kwamba asiyejua kuandika achore alama ya msalaba. Mtu wa kwanza niliyempa kalamu alikuwa yuleyule Mzee Bakari wa Kiegeani aliyeuza ndama kwa ajili yangu. Aliitazama alama niliyomchorea juu ya karatasi ya mfano.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni sahihi tu, mzee."

"Hii ni msalaba."

"Ni mistari miwili, mzee."

"Nimeishi Mwislamu miaka sitini," akasema, "leo nikafe Mnasara kwa ajili ya rehani ya minazi minane?" Akaiweka kalamu chini polepole, kama mtu anayemtua mtoto mgonjwa, akaondoka. Wiki ile watu saba waliondoka hivyohivyo, na mfanyabiashara mmoja akaja kulalamika kwamba boma limefunga duka lake.

Mimi ndiye niliyepata dawa. Nilikumbuka kwamba kila mwenye minazi Mafia ana alama anayoichanja kwenye gogo, ili wakwezi wasichanganye. Nilizijua karibu zote, kwa sababu nilikulia chini ya miti hiyo nikiokota nazi. Nikamwandikia Bwana Shauri, yaani yule Mdachi aliyekuwa mkubwa wetu, kwamba kila mtu achore alama ya mnazi wake. Akakubali. Tangu siku hiyo watu walichora chale tatu, duara, mkono wa pweza, na hapakuwa na mwingine kisiwani mwenye alama kama yake. Bwana Shauri aliniuliza nimejifunza wapi alama hizo. Nikamwambia katika shamba la baba yangu.

Shida ya pili ilikuwa majina. Kiegeani peke yake nilikuwa na Juma bin Bakari wanne, wote wana minazi, na wawili wao hawasemezani. Mmoja alikopa, mwingine akadaiwa. Hapo nikatunga masharti yangu, nikayaandika kwa herufi nzuri na kuyatundika mlangoni. Jina la kwenye hati liwe moja na jina linalotamkwa. Waje mashahidi wawili, kila mmoja alitamke jina la mkopaji kwa sauti. Na shahidi asiwe mtu atakayepata faida katika mkopo ule. Bwana Shauri aliyasoma, akanipiga bega. Mzee Seif aliyasoma pia, kwa kusomewa, akasema, "Mazuri. Yanafaa kwa watu waliozaliwa na jina moja wakafa nalo. Unawajua wangapi?"

Nilicheka. Nilidhani ni kijicho cha mzee ambaye herufi zake zimepitwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Niliporudi kutoka Tanga, Zafarani alikuwa ameshajikomboa. Serikali ilimpa hati ya uhuru, na ndani yake aliandikwa Zafarani binti Abdallah, kwa kuwa ndivyo alivyoorodheshwa katika nyumba ya Bwana Salim. Lakini yeye mwenyewe siku aliyotoka aliliacha jina lile mlangoni. Zafarani ni kiungo, alisema, na mimi sipikwi tena. Akajiita Mwanaidi. Kwa jina hilo akanunua minazi sita, na hati ya minazi ile aliandika Mzee Seif: Mwanaidi binti Abdallah. Jirani zake hawakumwita hivi wala vile. Walimwita Mama Subira, kwa mwanawe. Nilikwenda kumwona wiki ya kwanza ya kurudi kwangu. Alinipikia wali wa nazi na samaki, akanifanya nimsomee shahada yangu yote tangu juu hadi chini, ingawa ilikuwa ya Kijerumani na hakuna aliyeelewa neno. Deni hakulitaja. Mimi nami sikulitaja.

Subira, mwanawe, alikuwa bado mtumwa wa Bwana Salim. Alikuwa ameolewa na Uledi, mkwezi, mtu huru, aliyekua naye katika shamba lilelile. Walikuwa wakimkomboa pole kwa pole. Kisha Bwana Salim akauza mashamba yake, akasema anahamia Lindi na watu wa nyumba yake, kabla ya mwezi wa Mfungo Tano kuandama. Hakuwa mtu mkatili. Alisema, "Leteni fedha zilizobaki kabla sijapakia, nimwache. Msipoleta, anakuja nami, mtanifuata." Kumfuata mtu Lindi si kwenda Utende, hapahapa kisiwani, na kurudi.

Mama Subira akaenda kwa Nanji, mfanyabiashara wa Chole, kutaka kukopa kwa rehani ya minazi yake sita. Nanji alimjua vizuri. Alikuwa akinunua mikeka yake miaka yote. Akamwambia, "Mama, mimi nakujua. Lakini karatasi haikujui. Niletee karatasi ya Bwana Karani."

Akaja kwangu. Alivaa kaniki mpya. Nyuma yake alisimama Uledi, mikono imekauka kwa ganda la mnazi kama ya baba yangu. Mzee Seif alikuwa mezani kwake. Karibu na dirisha alikaa Bwana Shauri akisoma barua zake. Siku hiyo alikuja kukagua, na nilikuwa nimevaa koti.

"Hodi, mwanangu," akasema.

Sikupenda aniite mwanangu mbele ya Mdachi. Nikafungua daftari. Nikamwuliza, "Wewe nani?"

Alinitazama. Nadhani alifikiri natania. Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka lenyewe.

"Mwanaidi," akasema.

Nikachukua hati yake ya uhuru. "Hapa pameandikwa Zafarani."

"Ndiye mimi. Ndilo la zamani."

"Na hati ya minazi inasema Mwanaidi. Nani atashuhudia kwamba Zafarani na Mwanaidi ni mtu mmoja?"

Akamtaja Bwana Salim. Nikamsomea sharti la tatu: Bwana Salim ndiye atakayelipwa fedha zile, kwa hiyo hashuhudii. Nilijivunia jinsi nilivyolijibu haraka. Akamsogeza mbele Uledi.

"Unamjua mwanamke huyu?" nikamwuliza.

"Namjua."

"Tangu lini?"

"Tangu nina akili. Alinibeba mgongoni."

"Jina lake nani?"

Uledi akarudi nyuma hatua moja. Akatazama sakafu. Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamlijui hili, lakini kwetu Baleni mtu hamtaji mkwewe. Hamtaji mbele yake wala nyuma yake. Mkwewe akiwa na jina la kitu, hata kitu kile hukitafutia jina lingine. Uledi alikuwa akiita zafarani "rangi ya pilau". Na hapa alitakiwa kulitamka jina la mama wa mkewe kwa sauti, tena jina la utumwa wake, mbele ya Mdachi na mbele yake mwenyewe aliyesimama.

"Ni huyu," akasema, akimwonyesha kwa kiganja kilichofunguka, kwa adabu. "Ni huyuhuyu."

"Jina."

"Ni mama."

"Sikuulizi ni nani kwako. Nakuuliza jina."

 Mama Subira akasema kwa sauti ndogo, "Hemedi, mwanangu, si unajua?"

Nilijua. Nilizaliwa Baleni kama yeye. Lakini Bwana Shauri aliinua kichwa, akauliza kuna nini, nami nikamjibu kwa Kidachi changu kizuri kwamba shahidi hajui jina. Na ndivyo nilivyoandika. Maneno yale yamo daftarini mpaka leo, kwa mwandiko wangu, na mwandiko ni safi: *Shahidi hajui jina.*

Wakaondoka. Siku nane zilipita. Siku ya tisa Uledi alirudi, na safari hii Mama Subira alisimama nje, mbali, chini ya ukuta, amejiziba masikio kwa mtandio ili asimsikie. Walikuwa wamekubaliana hivyo. Uledi alifumba macho. Alisema, "Jina lake Zafarani. Na sasa jina lake Mwanaidi. Mungu anisamehe." Machozi yakamtoka mtu mzima yule, mkwezi asiyeogopa mnazi wa urefu wowote.

Nami nikafunua daftari nyuma ukurasa mmoja, nikamsomea. "Wiki iliyopita ulikuwa hujui jina. Leo unalijua. Basi umefundishwa."

Bwana Shauri hakuwako siku ile. Hakuwako mtu wa kunilazimisha. Lakini kuukubali ushahidi wa Uledi kungetaka niufute mstari wangu, na daftari langu halikuwa na mstari uliofutwa tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni.

"Tena hata nikikukubali," nikasema, "wewe ni mmoja. Wa pili yuko wapi?"

Hapo Mzee Seif alitema tambuu dirishani. "Hemedi," akasema, "wa pili yuko hapa."

"Yupi?"

"Wewe. Ulimjua alipokuwa Zafarani, na umekula kwake alipokuwa Mwanaidi. Mimi nilimjua kwa jina hili la pili tu, sifai. Weka kalamu chini. Karani akiweka kalamu chini ni mtu kama watu wengine, anaweza kushuhudia. Nitaandika mimi."

Ilikuwa kweli. Haikuwa kinyume cha sharti lolote, hata la kwangu. Ningetakiwa kusimama upande ule wa meza na kusema: namjua mwanamke huyu, alipokuwa mtumwa alinikopesha rupia tatu za uhuru wake ili niende shule, baba yangu alikuwa mkwezi, hakuwa na shamba. Mzee Seif angeandika, na karatasi ingekwenda kwa Bwana Shauri, naye angeisoma.

Nilishika kalamu. Nikasema, "Si utaratibu."

 Mzee Seif alikunja karatasi zake, akaziba kidau chake cha wino, akaenda kuswali adhuhuri ingawa haijaadhiniwa.

Mwezi uliandama. Bwana Salim alipakia mizigo yake na watu wake. Subira alikwenda Lindi. Mwaka uliofuata vita viliwaka huko bara, habari zikakatika, na tangu hapo hapana mtu aliyetoka Lindi akasema amemwona. Uledi alikwenda kumtafuta mara moja, akarudi baada ya miezi mitano amekonda, hakusimulia. Mzee Seif aliacha kazi kabla ya Ramadhani. Aliponiaga aliniachia kalamu yake ya mwanzi. "Hii haina tai," akasema. Alifariki akiwa kwa bintiye, na hati zake zenye madoa bado zinakubalika kila ninapozikuta, kwa sababu hazijapata kukosea mtu.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Niliandika hati nyingi kuliko karani yeyote kabla yangu. Katika masharti yale mlangoni nililipunguza moja: shahidi aweza kuonyesha kwa mkono. Sikueleza kwa nini. Bwana Shauri mpya alidhani ni wazo jipya la kisasa, akanisifu, nikapokea sifa.

Mtaniuliza kwa nini sikuwalipa walionikopesha miaka yote hiyo. Nilikuwa na fedha. Mwanzoni nilijiambia kwamba wakizitaka watakuja kuzidai, maana najua sheria, na asiye na hati hana dai. Hawakuja. Halafu baada ya jambo la Subira nilikuwa siwezi kupita njia ya Baleni, nilizunguka. Boma lilipohamia Kilindoni nilisema inatosha, nikaacha kazi. Asubuhi ya siku ya kwanza ya kustaafu nilivaa kanzu, si koti, nikachukua kalamu, wino, na karatasi ya kutosha, nikatoka kwenda kulipa wote siku moja.

Maalimu wangu alikuwa amefariki, niliwapa wanawe. Mzee Bakari wa Kiegeani alikuwa hai, kipofu, na alipousikia mlio wa fedha kiganjani akauliza, "Nisaini wapi? Hapana msalaba?" Nikamwambia hapana msalaba, mzee. Akanichorea ndama mchangani kwa fimbo, akacheka mpaka akakohoa.

Alasiri nilifika Baleni. Mwinyi Kombo hakuwako tena duniani wa kuniona. Mama Subira alikuwa barazani anasuka mkeka, vidole vyake vinakwenda bila macho. Uledi alikuwa juu ya mnazi mmoja kati ya ile sita ya mkwewe. Hakuoa tena, aliishi pale na kumkwelea mkwewe bila ujira. Aliponiona hakushuka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba."

Niliweka rupia tatu juu ya mkeka. 

"Rupia zangu zimesafiri kuliko mimi," akasema. Akazifunga katika pindo la kaniki.

Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nina shahada, najua kupanga maneno. Nikafungua mdomo, naye akanikata, "Umekuja na kalamu?"

"Nimekuja nayo."

"Niandikie karatasi. Iwekwe huko bomani, kwenye lile sanduku la chuma. Iseme mimi nipo, nakaa Baleni, kwenye minazi sita."

Nikatandaza karatasi juu ya ubao wa kuandikia. Nikachovya. "Niandike jina lipi, mama?"

"Yote," akasema. "Andika yote matatu. Sijui mwanangu atalitaja lipi akija kuniuliza. Asirudishwe mlangoni."

Niliandika Zafarani. Niliandika Mwanaidi. Niliandika Mama Subira. Mkono wangu, ambao Bwana Shauri wawili waliusifu, uliliharibu la tatu, na herufi zile si nzuri, mtaziona. Karatasi imo sandukuni kwenu, chini kabisa, imefungwa kwa uzi wa ukindu. Akija mtu yeyote kutoka Lindi, msimwulize hati. Mpeni hiyo.

Uledi alikuwa ameshuka. Alisimama pembeni ya baraza, upanga wa kukwelea ungali kiunoni. Nikamgeuzia karatasi pale pa shahidi. Sikumwuliza jina. Akamwonyesha mkwewe kwa kiganja kilichofunguka, kisha akachora alama yake: mistari miwili na kitone, alama aliyojitungia kwa mnazi ambao hakuwahi kuumiliki.

Ilibaki nafasi ya karani na nafasi ya shahidi wa pili. Ya karani niliiacha wazi. Ya pili niliiandika kwa herufi za shule, kubwa, ili anayesoma asikosee: Hemedi bin Athumani, mwana wa mkwezi, wa Baleni. Namjua.

Kisha nikaweka kalamu chini.